Uwanja wa Watoto Mtaani Kamina: Anzeni na Ardhi, Bembea Baadaye

Watu wa mtaa wakichanga pesa za uwanja wa watoto, wa kwanza kutajwa ni bembea. Ingoje. Mtoto mmoja anabembea, kumi wanapanga foleni wakiwa wamesimama.

Hatua ya 1. Tafuteni kiwanja ambacho mtoto atakifikia kwa miguu bila kuvuka reli. Kamina ni njia panda ya treni: kuna reli ya Lubumbashi, ya Ilebo na ya kuelekea Kindu. Pateni pia hati kabla ya kushika jembe, maana kiwanja kisicho na karatasi hakikawii kuuzwa.

Hatua ya 2. Miembe msiikate. Jua la Septemba na Oktoba hufukuza watoto mahali pasipo na kivuli.

Hatua ya 3, na hapa ndipo wengi huharibu: uwanja wa mpira usikae katikati. Wavulana wakubwa wakishika katikati, wasichana na wadogo hubaki pembeni wakitazama. Vienna, kule Austria, waliliona hilo miaka ya 1990: wasichana wakikaribia miaka 10 walikuwa wanatoweka bustanini. Mji ukagawa bustani mbili katika sehemu ndogondogo, ukaongeza michezo mingine, nao wakarudi. Kwetu ni rahisi zaidi. Mpira upelekeni upande mmoja, kisha shindilieni vipande viwili au vitatu vya ardhi kwa ajili ya nzango, mchezo wa wasichana. Kuimba, kupiga makofi na kuruka mkitazamana kunatoa jasho kuliko bembea yoyote. Karibu na hapo wekeni benchi, kwa sababu mtoto mdogo hucheza pale mama anapomwona.

Hatua ya 4. Chongeni njia inayouzunguka uwanja mzima, ya kukimbizana na kusukuma matairi.

Hatua ya 5. Wapeni vya kupanda: magogo, kichuguu cha udongo, matairi yaliyofukiwa nusu. Matairi yatoboeni, la sivyo mvua za Oktoba hadi Aprili zitafuga mbu humo. Chini ya kila kilicho kirefu mwageni mchanga laini, kina cha sentimita 30.

Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Uwanja ukishafunguliwa, nendeni jioni mkahesabu wanaokimbia na waliosimama. Kona yenye waliosimama wengi, ipangeni upya.