Kununua au Kuuza? Somo la Kuketi Kwanza



Somo la leo linahusu maamuzi, na nimelipata mahali ambapo pengine hukutegemea: kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Usikimbie. Kama unajua purukushani za siku ya mwisho ya dirisha la usajili kwenye soka, utaelewa vizuri tu.

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Luka 14:28-33. Soma taratibu, halafu urudi hapa.

Mchezo wenyewe ukoje

Ligi kubwa ya mchezo huu iko Marekani na Kanada, inaitwa NHL. Msimu unaanza Oktoba. Ikifika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, inakuja siku ambayo baada yake klabu ikichukua mchezaji kwa kubadilishana, haiwezi kumtumia kwenye mtoano wa msimu huo. Tofauti na soka, huku mchezaji hanunuliwi kwa mabilioni. Unatoa mchezaji, unapewa mchezaji. Au unatoa mchezaji, unapewa zamu ya kuchagua kijana chipukizi katika miaka ijayo.

Kwa hiyo kila klabu inajiuliza swali moja: tunanunua au tunauza?

Anayenunua anatoa kesho yake ili apate leo. Anatoa chipukizi na zamu za kuchagua, anapata mchezaji aliyekomaa wa kumsaidia kutwaa Kombe la Stanley mwaka huu. Anayeuza anatoa leo ili apate kesho. Anamwachia mwenzake nyota wake, anapokea vijana, anakubali kufungwa kwa miaka kadhaa huku akijenga upya.

Sasa niambie, hilo si swali letu sisi vijana kila siku? Niache chuo nikatafute hela sasa, au nivumilie njaa nimalize? Nioe mwaka huu au nisubiri? Nikubali hii kazi, au niende nikajaribu ule wito ninaousikia moyoni? Wote tuko sokoni. Na tarehe ya mwisho inakuja.

Columbus, Februari 2019

Mwaka huo nilikuwa naishi Columbus, mji wa jimbo la Ohio. Mchana nilisoma uuguzi, usiku nilipanga maboksi ghalani. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa shabiki wa klabu ya mji, Blue Jackets, na ndiye aliyenifundisha mchezo huu tukiwa tunasukuma mizigo.

Klabu hiyo ilianza kucheza mwaka 2000, na hadi wakati huo ilikuwa haijawahi kushinda raundi hata moja ya mtoano. Msimu ule ilikuwa na nyota wawili: Artemi Panarin, mfungaji, na Sergei Bobrovsky, kipa aliyewahi kutwaa tuzo ya kipa bora wa ligi mara mbili. Tatizo ni kwamba mikataba ya wote wawili ilikuwa inaisha Julai 1, na kila dalili ilionyesha kwamba hawabaki. Wakiondoka hivyo, klabu haipati kitu.

Hesabu ya kawaida inasema: wauze sasa hivi, upate chochote. Meneja mkuu, Jarmo Kekäläinen, alifanya kinyume. Hakuwauza, na zaidi ya hapo alinunua! Alimchukua Matt Duchene kutoka Ottawa kwa kutoa chipukizi wawili na zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka ule, kisha akamchukua Ryan Dzingel kutoka klabu hiyohiyo.

Ghalani kulikuwa na ubishi, wewe acha tu.

Timu iliingia mtoano kwa tabu, nafasi ya mwisho upande wa mashariki. Ikapangwa na Tampa Bay, iliyokuwa imeshinda mechi 62 msimu ule na kuifikia rekodi ya ligi. Mechi ya kwanza Tampa Bay wakaongoza 3-0. Columbus wakarudi, wakashinda 4-3. Kisha wakashinda ya pili, ya tatu na ya nne. Tampa Bay nje, bila kushinda hata mechi moja! Siku hiyo yule mzee alilia mbele yetu bila aibu.

Raundi iliyofuata Boston wakawatoa. Ikafika Julai. Panarin akaenda New York, Bobrovsky akaenda Florida, Duchene akaenda Nashville, na kabla mwezi haujaisha Dzingel naye alikuwa na klabu nyingine. Wote wanne wakaondoka mwezi mmoja.

Je, Columbus walikosea?

Anayejenga mnara na mfalme anayekwenda vitani

Turudi kwenye Injili. Bwana Yesu anatoa mifano miwili. Mtu anataka kujenga mnara: anaketi kwanza kuhesabu kama ana vya kutosha kumalizia. Mfalme ana watu elfu kumi na anajiwa na mwenye elfu ishirini: naye anaketi kwanza, na akiona hawezi, anatuma wajumbe kutafuta amani mapema.

Miaka mingi nilidhani mifano hii miwili inasema kitu kilekile mara mbili. Lakini iangalie vizuri. Wa mnara anataka kuongeza, ni mnunuzi. Mfalme anaona hali haimruhusu, anakubali kuachia, ni muuzaji. Bwana hasemi kwamba mmoja ni shujaa na mwingine mwoga. Kinachowaunganisha ni neno moja: kuketi. Anayechekwa katika mfano ule ni yule aliyeanza kujenga bila kuketi.

Mama Kanisa anaiita tabia hii fadhila ya busara. Katekisimu, namba 1806, inaieleza kuwa fadhila inayoisaidia akili kuyatambua mema ya kweli katika kila hali na kuchagua njia zinazofaa kuyafikia. Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha kwamba busara ina hatua tatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kutekeleza. Wengi wetu tunaruka ya kwanza, tunakimbilia ya tatu. Wengine tunakaa kwenye ya kwanza miaka minne, tunaomba ushauri kwa kila mtu ili tusiamue.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi kuhusu Columbus, nitasema hivi. Kuwabakiza wale nyota wawili kulikuwa uamuzi wa mtu aliyeketi. Mashabiki walikuwa wamesubiri miaka kumi na minane, na timu ilikuwa na uwezo wa kweli. Aliijua gharama, akaikubali. Pale pa kutoa tena zamu ya raundi ya kwanza kwa ajili ya Duchene, mimi nasita, maana alikuwa analipa kwa miaka ambayo wengine ndio wangeicheza. Lakini tusimhukumu kwa matokeo tu. Kama Tampa Bay wangeshinda, watu haohao waliomsifu wangemwita mpumbavu, wakati uamuzi wake ungekuwa uleule.

Anayeuza naye anabeba msalaba

Usije ukadhani nakuambia "nunua tu, Mungu atajua". Hapana.

Mwaka mmoja kabla, Februari 8, 2018, viongozi wa New York Rangers waliwaandikia mashabiki wao barua ya wazi: tunajenga upya, na baadhi ya wachezaji mnaowapenda wataondoka. Kabla mwezi haujaisha walimwachia nahodha wao, Ryan McDonagh, akaenda Tampa Bay. Rangers wakakosa mtoano mwaka huo na mwaka uliofuata. Lakini Panarin alipotoka Columbus alikwenda kwao, na mwaka 2022 walifika nusu fainali. Kombe hawakulipata. McDonagh alilipata mara mbili huko alikopelekwa, 2020 na 2021.

Ninachokipenda ni ile barua. Walisema ukweli kabla ya kuuza. Klabu inayopata hasara kubwa zaidi ni ile isiyojisemea ukweli: haina nguvu ya kutwaa kombe, haina ujasiri wa kujenga upya, inaongeza kidogo huku na kupunguza kidogo kule, na miaka inapita. Kijana mwenzangu, hapo katikati ndipo wengi tunapofia.

Usiamue gizani

Kuna jambo moja la tahadhari. Asubuhi ya Januari 3, 2019, St. Louis Blues walikuwa wa mwisho kabisa kati ya klabu zote 31. Wangeweza kuziuza nguzo zao siku hiyohiyo kwa hasira, na nani angewalaumu? Hawakufanya hivyo. Juni 12 mwaka huohuo walitwaa Kombe la Stanley, la kwanza tangu waingie ligi mwaka 1967.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anatuonya kwamba wakati wa ukiwa wa moyo tusibadilishe uamuzi tuliokuwa tumeufanya tukiwa na amani. Ukiwa umechoka, umelia, huna usingizi, usisaini kitu. Subiri kupambazuke. Hata yule mtunza shamba wa Luka 13:6-9 aliuombea mti mwaka mmoja zaidi, lakini hakuomba kukaa tu: aliahidi kupalilia na kutia mbolea.

Nani analipa?

Nimekusimulia habari za barafu, sasa nikusimulie zangu.

Februari ileile mimi nilikuwa mtu wa gizani. Nilikuwa natuma nyumbani ada ya mdogo wangu, shule ya bweni. Ili nitume, niliongeza zamu za usiku. Kwa sababu ya zamu, nilikuwa nafeli. Ilibaki wiki moja tu ya kujiondoa chuoni bila kupata alama ya kufeli. Nikaamua: naacha. Nikaenda kuungama, na mwisho nikamgusia Padre, kama mtu anayetoa taarifa tu.

Padre akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho umelala usiku mzima lini?" Sikukumbuka. Akasema, "Basi leo huamui. Nenda kalale. Kesho ukae mbele ya Ekaristi Takatifu na karatasi, uandike mambo matatu: una nini kweli, unataka nini kweli, na nani atalipa."

Nikafanya hivyo. Nilicho nacho: mwaka mmoja na nusu hadi kumaliza, na mwili uliochoka. Ninachotaka: kuwa muuguzi, na kuwasaidia nyumbani kwa miaka mingi, siyo kwa mwaka huu tu. La tatu ndilo lililonikalisha pale saa nzima. Nikibaki chuoni na kupunguza zamu, anayelipa si mimi. Ni mdogo wangu.

Nikampigia mama. Nikamwambia ukweli wote, hata kwamba nafeli, jambo nililokuwa nimemficha. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukusema mapema? Tutajipanga." Mdogo wangu akahamishiwa shule ya kutwa, akawa anatembea kila asubuhi kabla jua halijachomoza. Karibu mwaka mzima hakutaka kuzungumza na mimi kwenye simu. Na alikuwa na haki.

Nilimaliza masomo. Leo ni muuguzi, na ada za chuo chake nililipa mimi. Lakini sikuandiki ili kukuonyesha kwamba mambo yaliisha vizuri. Ile miaka yake ya kutembea gizani hairudi. Niliomba msamaha kwake, siyo kwa sababu ya uamuzi, bali kwa sababu niliuchelewesha kwa kuficha ukweli hadi ukamwangukia yeye ghafla.

Hapo ndipo mfano wa klabu unapoishia. Klabu inamwita mchezaji wake wakati wowote, inamwambia fungasha, kesho unachezea mji mwingine. Mke na watoto wanabaki wanatafuta maboksi. Sisi Wakristo haturuhusiwi kuwahesabu watu hivyo. Mbele ya Mungu mtu si bidhaa. Ukihesabu gharama ya mnara wako, hesabu pia mabega yatakayobeba mawe.

Kazi ya wiki hii

Kabla ya Misa ya Jumapili ijayo, tafuta nusu saa mbele ya Ekaristi Takatifu. Chukua uamuzi mmoja unaokusumbua, uandike yale matatu: Nina nini kweli? Nataka nini kweli? Nani atalipa? Kama kuna jina la mtu katika jibu la tatu, zungumza naye kabla hujaamua. Kisha weka tarehe, na tarehe ikifika, amua. Uamuzi ukishafanywa kwa amani, usiuchimbue kila usiku.

Tusali

Bwana Yesu, uliyehesabu gharama ya kutukomboa ukailipa mwenyewe, utufundishe kuketi kwanza. Utupe macho ya kuiona hali yetu ilivyo, ujasiri wa kuchagua, na upendo kwa wale wanaobeba uzito wa maamuzi yetu. Mama Maria, Kiti cha Hekima, utuombee. Amina.

Tukutane katika somo lijalo. Amani ya Kristo iwe nawe.