Uchovu Usioisha: Damu, Jua na Chai ya Mezani

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi London huueleza uchovu kwa sababu nyingi: baridi, zamu za usiku, safari ndefu za basi, fikira za jamaa waliobaki nyumbani. Sababu hizo ni za kweli. Hata hivyo, uchovu unaoendelea kwa majuma kadhaa, hata baada ya usingizi wa kutosha, huweza kuwa dalili ya upungufu mwilini. Mara nyingi hukosekana madini ya chuma au vitamini D. Upungufu wa kila kimoja hupimwa kwa damu, na hutibika.

Damu na chai

Mwili hutumia madini ya chuma kutengeneza himoglobini, inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Yakipungua, mtu huhema akipanda ngazi, moyo humwenda mbio na rangi humpauka, jambo ambalo kwa mwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi ndani ya kope za chini kuliko usoni. Mwanamke wa umri wa miaka 19 hadi 49 huhitaji miligramu 14.8 za chuma kwa siku. Mwanamume huhitaji 8.7 tu. Tofauti hiyo hutokana na hedhi. Mwenye hedhi nzito ndiye aliye hatarini zaidi, na ndiye anayeambiwa mara kwa mara kwamba mwanamke ni kuvumilia. Hapaswi kuvumilia, anapaswa kupimwa.

Chuma kilichomo katika nyama na samaki hufyonzwa kwa wepesi. Kile cha maharage, dengu, choroko na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, na chai huongeza shida hiyo, kwa kuwa tanini iliyomo hushikamana na chuma tumboni kabla mwili haujakichukua. Maziwa hayaondoi athari hiyo. Hivyo mtu huweza kula maharage kila siku na bado damu yake ikapungua, kwa sababu ya kikombe kilichowekwa kando ya sahani. Hakuna haja ya kuiacha chai, na ushauri wa kuiacha usingefuatwa na wengi. Inatosha kuinywa walau saa moja kabla au baada ya chakula. Kahawa ni vivyo hivyo.

Vitamini C hufanya kinyume cha chai: husaidia chuma kufyonzwa. Kachumbari ya nyanya na pilipili hoho iliyokamuliwa ndimu, basi, si pambo la sinia, bali ni sehemu ya lishe yenyewe. Mchicha nao haukosekani London. Katika soko la Brixton, Wajamaika huuita callaloo. Katika maduka ya Wabengali, mchicha mwekundu huuzwa kwa jina la lal shak.

Hamu ya kula udongo au kutafuna barafu huandamana mara nyingi na upungufu wa chuma, hasa katika ujauzito. Ni jambo la kumweleza mkunga bila haya. Udongo wa kula unaouzwa madukani umeonekana kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mjamzito aepuke pia maini, ingawa yana chuma kingi, kwa sababu vitamini A yake ni nyingi mno kwa mimba.

Vidonge vya chuma visimezwe kwa kubahatisha. Mwenye selimundu au ugonjwa mwingine wa damu huweza kudhurika, na upungufu wa damu kwa mwanamume, au kwa mwanamke aliyekoma hedhi, huhitaji kutafutiwa chanzo chake. Vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto. Kwao ni sumu.

Jua

London iko nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta, Mombasa nyuzi 4 kusini. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la Uingereza haliiwezeshi ngozi kutengeneza vitamini D ya kutosha. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, na anayefunika mwili au kulala mchana baada ya kazi ya usiku hupata kidogo zaidi. Watu hao hushauriwa kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Kipimo cha mtu mzima kisizidi mikrogramu 100 kwa siku. Samaki wa mafuta, kama dagaa wa kopo, husaidia, lakini pekee hawatoshi. Kwa kuwa baadhi ya vidonge hufunikwa kwa jelatini, anayehitaji vya halali asome kibandiko au amuulize mfamasia. Wajawazito na wenye watoto chini ya miaka 4 wanaopokea misaada fulani ya serikali huweza kupata vitamini bure kupitia mpango wa Healthy Start.

Sukari na saumu

Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vidogo viwili kila kimoja ni takriban gramu 32 za sukari, ilhali kiwango cha mtu mzima hakizidi gramu 30 kwa siku. Nguvu inayotokana na sukari hupanda upesi na kushuka upesi. Uji wa uwele au wimbi hudumu zaidi, nao ni daku nzuri. Unga wa uwele huuzwa katika maduka ya Kihindi kwa jina la bajri. Katika Ramadhani, chai ikisubiri hadi baada ya tarawehe, chakula cha futari huwa kimepata nafasi yake. Mwenye kisukari azungumze na daktari kabla ya kufunga.

Uchovu pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara huenda ukawa ni kisukari chenyewe, na hauhitaji kusubiri. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji uthibitisho wa anwani wala wa hali ya uhamiaji, na kumwona hakulipiwi. Wakati wa kupanga miadi, mgonjwa anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mtoto asitwikwe kazi hiyo.