Kyu Sakamoto, Mwimbaji wa Japani

Je, umewahi kupenda wimbo wa lugha usiyoijua? Soma habari hii.

Kyu Sakamoto alizaliwa Desemba 10, 1941, katika mji wa Kawasaki, nchini Japani. Siku chache kabla, Japani na Marekani zilikuwa zimeanza kupigana vita. Alikuwa mtoto wa tisa, tena kitinda mimba. Jina lake liliandikwa kwa alama ya tisa. Alama hiyo Wajapani huisoma "kyu".

Alianza kuimba akiwa kijana. Aliigiza pia katika filamu na televisheni. Mwaka 1961 aliimba wimbo uliompatia sifa kubwa. Maneno yake yalitungwa na Rokusuke Ei, na muziki ulitungwa na Hachidai Nakamura. Jina la wimbo maana yake ni "Nitembee Nikitazama Juu". Ni wimbo wa mtu mpweke anayezuia machozi yake.

Wauza santuri wa Uingereza na Marekani waliona jina hilo ni gumu kutamka. Wakauita "Sukiyaki". Sukiyaki ni chakula cha Kijapani, nyama na mboga zilizopikwa pamoja. Lakini wimbo hautaji chakula hata kidogo! Ni kama kuuita wimbo wa majonzi "Mchuzi".

Hata hivyo, Juni 1963 santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma matatu. Wasikilizaji wengi hawakujua Kijapani, lakini sauti yake iliwagusa. Watu wa nchi zilizokuwa maadui alipozaliwa, sasa walipenda wimbo mmoja.

Agosti 12, 1985, Sakamoto alipanda ndege Tokyo kwenda Osaka. Ndege ilianguka mlimani. Kati ya watu 524, walikufa 520, naye akiwamo. Alikuwa na miaka 43. Aliacha mke na binti wawili. Wachunguzi waligundua kwamba ukuta wa nyuma, unaozuia hewa isitoke ndani ya ndege, ulipasuka. Mafundi walikuwa wameutengeneza vibaya mwaka 1978.

Wimbo wake unaimbwa hata leo. Kwao Japani unaitwa kwa jina lake la kweli.

MASWALI
1. Kwa nini aliitwa Kyu?
2. Kwa nini jina "Sukiyaki" halikuufaa wimbo?
3. Kazi mbovu ya fundi yaweza kuleta hasara gani? Jadilianeni.
4. Andika jina la wimbo unaoupenda. Kisha eleza maana yake.