Mahali pa Kulala: Somo juu ya Kutunza Makaburi

Siku ya maziko watu hufyeka njia, huchimba, husali na kulia pamoja. Matanga yakiisha, majani huota tena. Mvua huporomosha udongo, mchwa hula msalaba wa mti, na baada ya miaka michache watoto hawajui tena babu yao alilazwa wapi. Wengine hawaendi makaburini kwa uvivu, wengine kwa hofu. Somo hili laonyesha kwa nini Mkristu hutunza makaburi, na kwa nini kazi hii yamhusu hata mkatekumeni asiyebatizwa bado.

1. Maana ya kaburi

Wakristu wa kwanza waliosema Kigiriki waliyaita makaburi kwa neno lenye maana ya mahali pa kulala. Neno hilo lina imani ndani yake, maana alalaye huamka. Mtume Paulo awafundisha Wakorinto kwamba mwili uzikwao wafanana na mbegu itiwayo ardhini. Mkulima akiisha kupanda hasemi kwamba mbegu imepotea. Hulinda shamba na kungoja. Vivyo hivyo Kanisa hulaza mwili na kungoja ufufuko.

Tena mwili si ganda la kutupwa. Mwili wa mbatizwa ulimwagiwa maji ya ubatizo na kupokea Ekaristi. Kwa hiyo kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili. Tobiti aliwazika ndugu zake waliouawa, ingawa jambo hilo lilimtia hatarini. Yosefu wa Arimataya alilitoa kaburi lake jipya kwa ajili ya Bwana Yezu. Afyekaye majani juu ya kaburi aendeleza kazi ya watu hao.

2. Mahali pawe na mpaka

Sara alipofariki, Abrahamu alikuwa mgeni katika nchi ya Kanaani. Hakuchukua ardhi kwa nguvu, wala hakukubali kupewa bure. Alinunua shamba lenye pango kwa shekeli 400 za fedha, mlangoni pa mji, mbele ya mashahidi. Tangu siku ile kila mtu alijua shamba lile ni la nani na ni la kazi gani.

Mfano huo wawafaa wakaao Kasongo na Kabambare. Mji ukikua bila mpaka uliowekwa, nyumba husogea hata juu ya wafu. Tena mahali pasipoongezwa kwa wakati wake hujaa. Huko Nairobi, makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kuwa yamejaa mwaka 1996, lakini watu waliendelea kuzikwa humo kwa kukosa mahali pengine. Yafaa wakubwa wa kijiji na wa dini zote wakubaliane mapema juu ya mpaka, wapande miti ya kuuonyesha, na waandike makubaliano yao.

Mahali penyewe pachaguliwe kwa akili. Kanuni za kimataifa za watoao misaada zasema kaburi liwe mbali na chemchemi au kisima cha kunywa, angalau mita 30, na chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini. Wanaozika bondeni wakumbuke kwamba masika hupandisha maji hayo.

Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip na wafanya biashara wa Kiswahili katika karne ya 19, na hata leo Waislamu ni wengi katika nchi hiyo. Ukoo mmoja huweza kuwa na Wakristu na Waislamu. Sheria ya Kanisa haikatazi kuzikwa katika makaburi ya watu wote: pasipokuwa na sehemu iliyobarikiwa, kila kaburi la mwamini hubarikiwa peke yake. Basi Mkristu akifyeka kaburi la mjomba wake Mkristu, asitupe majani juu ya kaburi la jirani Mwislamu. Huruma haina ukuta.

3. Jina lisipotee

David Livingstone alikaa Bambarre, ndiyo Kabambare, kwa nyakati mbalimbali kati ya 1869 na 1871. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Waliomtumikia, ndio Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, naye Wainwright akachonga jina katika shina. Kisha waliubeba mwili kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Mti ule haukudumu, lakini mahali palijulikana; mwaka 1902 ukajengwa mnara hapo.

Mwezi wa Novemba 1961 askari 13 wa ndege wa Italia, waliotumikia Umoja wa Mataifa, waliuawa huko Kindu. Walizikwa katika makaburi ya Tokolote. Mwaka uliofuata miili yao ilifukuliwa ikarudishwa kwao. Mahali pa kaburi palipojulikana, mama zao waliweza kupata mahali pa kulilia.

Wengi wa Maniema hawakupata neema hiyo, hasa wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1996. Walizikwa msituni wakati wa kukimbia, bila alama. Mungu ayajua majina yao yote. Jamaa zao waweza kuwatajia Misa, na kuandika majina yao mahali pasipooza. Kwa wanaozikwa leo, katekista apeleke habari parokiani, jina liandikwe katika kitabu cha marehemu. Msalaba wa mti huliwa na mchwa. Kitabu kilichotunzwa husomwa na wajukuu.

4. Hofu na mashitaka

Wako wanaoogopa makaburi wakidhani wafu huwadhuru walio hai. Wako pia wanaogeuza maziko kuwa baraza la kumtafuta mchawi, hata kizee asiye na kosa afukuzwe au apigwe. Jambo hilo ni dhambi nzito, nalo humvunjia heshima hata marehemu mwenyewe. Marehemu hahitaji kisasi. Ahitaji sala, kwa maana huenda anatakaswa bado toharani.

Tena upendo usiwe bila busara. Wauguzi wakikataza kuosha au kugusa maiti kwa sababu ya kipindupindu au Ebola, watiiwe. Katika Ebola ya Kivu na Ituri, tangu 2018 hata 2020, walikufa watu zaidi ya 2,200, na kugusa maiti ilikuwa njia mojawapo ya kuambukizwa. Kumsalia marehemu toka mbali si kumwacha.

5. Mkatekumeni akifa kabla ya ubatizo

Wakatekumeni wengi huuliza: mtu akifa kabla ya kubatizwa, atazikwa nje kama mgeni? Sivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema wakatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini katika mambo ya maziko. Hata ile ya mwaka 1917 ilikuwa na fundisho hilo. Mwaka 392 Kaisari Valentiniano wa Pili alikufa akiwa mkatekumeni, akiwa ameomba kubatizwa. Dada zake walilia kwa hofu. Askofu Ambrosi wa Milano akawafariji akisema kwamba aliyeomba neema hiyo kwa moyo ameipata. Huo ndio ubatizo wa tamaa. Kwa hiyo mkatekumeni anaposhika jembe makaburini, anatunza mahali palipo pake pia.

Kazi ya mwezi wa Novemba

Kabla ya tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu wote, jumuiya ifanye salongo: kufyeka njia, kujaza udongo palipobonyea, kusimamisha misalaba iliyoanguka, na kufanya upya majina. Moto usitumike, maana huteketeza misalaba. Makaburi yasiyo na jamaa yaanze kusafishwa. Waliobatizwa, wakizuru makaburi na kuwasalia wafu tangu tarehe 1 hata 8 Novemba, waweza kuwapatia rehema kamili kwa masharti ya kawaida. Mkatekumeni naye atoe sala yake na jasho lake.

Maswali

Kwa nini Mkristu hutunza makaburi?
Kwa sababu asadiki ufufuko wa miili, na kwa sababu kuzika wafu ni tendo la huruma.

Marehemu ahitaji nini kwa walio hai?
Ahitaji sala na sadaka ya Misa, wala si kisasi.

Mkatekumeni afaye kabla ya ubatizo huzikwaje?
Huzikwa na Kanisa pamoja na waamini.

Ni kaburi lipi la kusafishwa kwanza?
Lile lisilo na mtu wa kulitunza.