Plagi Inapopata Moto: Hesabu ya Umeme Nyumbani

Geuza birika la umeme usome kibandiko kilicho kwenye kitako chake. Tuseme kinasema wati 2000. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230, na birika hilo likichemsha maji, mita ya fundi iliyobanwa kwenye waya wa moto itasoma ampea 8.7 hivi. Ukishajua volti na ampea, ukinzani na nguvu unavipata kwa kalamu na karatasi.

Ukinzani ni volti ugawe kwa ampea: 230 ÷ 8.7 = omu 26.4. Volti ndizo zinazosukuma, ampea ni kiasi kinachopita, na omu zinaonyesha kifaa kinavyoubana umeme usipite ovyo. Kanuni hii ilichapishwa mwaka 1827 na Mjerumani Georg Simon Ohm, ndiyo maana kipimo kina jina lake. Nguvu ni volti uzidishe kwa ampea: 230 × 8.7 = wati 2001, sawa kabisa na kibandiko. Wati hizo kwa nusu saa zinakula uniti moja ya LUKU.

Hesabu hii inanyooka kwa vifaa vya joto: birika, pasi, hita, jiko la koili. Friji na feni zina mota, na huko volti mara ampea huzidi wati halisi.

Joto lisilo mahali pake

Sasa shika plagi ya birika hilo likiwa limefanya kazi dakika chache. Ikiwa ya moto, au plastiki yake imebadilika rangi kuwa ya kahawia, kuna mahali umeme unabanwa pasipostahili: skrubu imelegea, au meno ya soketi hayakamati tena sawasawa.

Tuseme pale palipolegea pana nusu omu tu. Ukinzani wote unakuwa 26.9, na ampea zinashuka hadi 8.55. Volti zinazopotelea hapo ni 8.55 × 0.5, yaani 4.3. Zidisha tena kwa 8.55 upate nguvu: karibu wati 37. Chuma cha kulehemu cha fundi redio kina wati kama hizo, na kinayeyusha risasi. Hapa joto lote hilo limefungiwa ndani ya plastiki, ukutani, pengine nyuma ya pazia.

Angalia jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Ampea hazikupanda; zimepungua. Fyuzi na sakiti breka hukata ampea zinapozidi, kwa hiyo hapa hazitakata. Soketi inaweza kuungua huku breka imekaa kimya, na haina kosa lolote.

Kuzidisha mzigo ni hatari nyingine. Pasi ya wati 1000 inavuta ampea 4.3, iweke pamoja na birika kwenye ekstensheni moja na unafika 13, mwisho wa fyuzi ya plagi ya miguu mitatu ya bapa. Waya za ekstensheni nyingi za bei nafuu ni nyembamba mno kwa mzigo huo.

Plagi ikipata moto, zima swichi kuu kwanza ndipo uichomoe. Usizungushie selotepu. Mwite fundi umeme akate ncha ya waya iliyoungua mpaka afikie shaba safi, abadilishe soketi pamoja na plagi, kisha akaze skrubu zote.