Karoli Lwanga, Msimamizi wa Vijana

Hapa kwetu Tabata si ajabu kumkuta kijana aitwaye Kizito au Lwanga, ingawa wazazi wake hawajapata kufika Buganda. Majina hayo yametoka wapi? Somo hili laeleza habari za Karoli Lwanga, ambaye Wakatoliki humheshimu kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika.

Habari zake zaanzia pwani yetu. Mwezi wa Juni 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka Bagamoyo kwenda bara, na Februari 1879 Padre Lourdel akafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Mutesa alikufa mwaka 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, aliyekuwa kijana bado.

Katika jumba la Kabaka walikaa vijana wengi watumishi, waliopelekwa huko kujifunza kazi na adabu, kama wanafunzi wa bweni. Mkubwa wao mmoja, Yosefu Mukasa Balikuddembe, alimlaumu Mwanga kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Kanisa la Kiingereza, tena aliwakinga vijana na matakwa machafu ya Kabaka. Kwa hiyo aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku ile ile Lwanga alibatizwa, kisha akashika kazi ya kuwaongoza vijana hao.

Fikirini jambo hili. Lwanga aliyajua yaliyompata mwenzake, lakini hakuacha kuwalinda wadogo. Mwezi wa Mei 1886, usiku wa kuamkia hukumu, aliwabatiza wanne waliokuwa bado, mmoja wao Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Walipoamriwa kuikana dini yao walikataa, wakapelekwa Namugongo kwa miguu. Tarehe 3 Juni Lwanga alichomwa peke yake kwa moto wa polepole. Wenzake wakachomwa pamoja.

Wala hawakuwa Wakatoliki tu. Mashahidi wanaokumbukwa wa miaka ile ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Tena, miaka kama kumi kabla yao, vijana Waislamu waliuawa huko huko Namugongo kwa amri ya Mutesa, kwa sababu ya dini yao.

Papa Pio XI alimfanya Lwanga kuwa msimamizi wa vijana mwaka 1934, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu. Kila tarehe 3 Juni mahujaji wengi sana hukusanyika Namugongo, na Watanzania wamo. Wengine hutembea siku nyingi kwa miguu, na wengi huchota maji ya huko kwenda nayo nyumbani. Kanisa lenyewe lina umbo la nyumba ya Kiganda na nguzo 22. Altare yake ipo pale alipochomwa Lwanga.

Watu husimulia sana ule moto, lakini moto ulikuwa wa siku moja. Kazi ya Lwanga ilikuwa ya kila siku: kumsimamia mdogo asidhulumiwe, hata mkubwa akikasirika. Kazi hiyo haichagui dini. Kila kiranja, mwalimu na mzazi anayo.

Maswali
1. Kwa nini jumba la Kabaka lafanana na shule ya bweni?
2. Mdogo wako akidhulumiwa na mtu mwenye cheo, utamwendea nani?