Ungo na Maharage: Somo la Usugu wa Dawa kwa Darasa la Tano

Walimu wengi wanaoanza kazi hufundisha kwamba mtu akitumia dawa ovyo, mwili wake "huizoea". Kauli hiyo hatuna budi kuirekebisha, maana kinachogeuka sugu si mwili, bali ni vijidudu. Mtoto asiyeijua tofauti hii atadhani anajidhuru peke yake. Kumbe vijidudu sugu huhamia kwa mdogo wake na kwa jirani.

Shabaha: Mwanafunzi aeleze kwa maneno yake jinsi vijidudu sugu vinavyoongezeka.

Vifaa: Ungo, maharage mekundu 20 na meupe 16. Hapa Ufipa vitu hivi hupatikana nyumbani bila gharama.

Hatua: Tuweke katika ungo maharage mekundu 20 na jeupe 1. Mekundu ni bakteria wa kawaida. Jeupe ni sugu. Mwanafunzi mmoja awe "dawa", aondoe mekundu 18. Kila haragwe lililobaki liongezewe mwenzake wa rangi yake: sasa ni mekundu 4 na meupe 2. Dawa irudi, iondoe mekundu yote. Meupe 2 yakiongezeka vivyo hivyo huwa 4, 8, kisha 16. Tuulize: Dawa ileile itaondoa nini sasa? Je, ungo umebadilika? Tusiharakishe kuwajibia. Wao wenyewe watagundua kwamba ungo, yaani mwili, ni uleule. Yaliyobadilika ni maharage.

Mfano wa nchini: Vimelea vya malaria si bakteria, lakini kanuni ni moja. Klorokwini ilitegemewa kwa miaka mingi, hata usugu ulipoenea Tanzania ikaiacha mwaka 2001 na kuchukua SP. Mwaka 2006 sera ilibadilishwa tena, ikachaguliwa dawa ya mseto.

Hitimisho: Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, navyo haviuawi na vidonge vya rangi mbili kama amoksilini. Dawa za namna hiyo zitumike kwa ushauri wa mganga, kwa kipimo na siku alizoagiza, wala tusigawiane masalio.

Angalizo: Tusiwaagize watoto kuleta dawa shuleni. Wala tusimwaibishe mtoto ambaye mzazi wake hununua vidonge viwili kwa kukosa fedha. Tumfundishe aulize zahanati, si kumhukumu mzazi.

Zoezi: Kwa nini dawa aliyotumia ovyo mtu mmoja yaweza kumkosesha mwingine tiba?